Maziwa Hayapoi: Kabla ya Kuongeza Gesi, Chunguza Ivaporeta

Ni saa moja asubuhi katika kituo cha kupozea maziwa. Kompresa ya mtambo wa baridi imenguruma usiku kucha, lakini kipimajoto cha tangi kinaonyesha nyuzijoto 11. Lori la kiwanda limefika. Maziwa yanapimwa kwa alkoholi, yanaganda, na lori linaondoka tupu. Maziwa ya jioni ya wakulima wote wa njia hiyo yamekosa soko.

Kamati ya chama inaitwa kwa dharura, na mara nyingi uamuzi huwa ni ule ule: fundi aje aongeze gesi. Gesi inaongezwa, mtambo unapoza vizuri kwa wiki tatu, kisha tatizo linarudi. Fundi anaitwa tena. Kufikia mwisho wa mwaka chama kimenunua gesi mara nne au tano, na bado maziwa yanakataliwa. Gharama hiyo haionekani kwenye risiti ya mkulima, lakini hukatwa kwenye bei anayolipwa kwa kila lita.

Gesi ya mtambo wa baridi haiishi kwa kutumika kama petroli ya pikipiki. Huzunguka ndani ya paipu zilizofungwa, na mtambo usiovuja unaweza kufanya kazi miaka mingi kwa gesi ile ile. Ikiwa imepungua, kuna mahali inapotokea. Na mara nyingi haijapungua kabisa: shida iko kwenye ivaporeta, yaani sehemu ya mtambo inayovuta joto kutoka kwa maji. Makala haya yanaeleza jinsi mhudumu wa kituo, kamati na wanachama wanavyoweza kutofautisha matatizo hayo kabla ya pesa kutumika.

Kwa nini baridi ni pesa

Maziwa hutoka kwa ng'ombe yakiwa na nyuzijoto kama 37. Katika joto hilo, bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hadi 30. Yakishushwa hadi nyuzijoto 4, bakteria wengi hupunguza sana kasi ya kuzaana. Baridi haiwaui, inanunua muda tu. Ndiyo maana maziwa yaliyokaa saa nne kwenye joto hayarudi kuwa mazuri hata yakipozwa baadaye.

Vituo vingi vina tangi ambalo ivaporeta yake iko chini ya sakafu ya tangi lenyewe, na maziwa hupozwa moja kwa moja. Vingine, hasa vinavyopokea maziwa mengi kwa muda mfupi, hutumia mtambo wa kupoza maji, ambao mafundi huuita chila. Chila hutengeneza barafu usiku kwenye tangi la maji. Asubuhi maji hayo, yakiwa na nyuzijoto 1 au 2, husukumwa na pampu hadi kwenye sahani za chuma ambapo maziwa hupita upande mmoja na maji upande mwingine. Maziwa hupoa kwa muda mfupi bila kugusana na maji.

Barafu hiyo ndiyo akiba ya kituo. Kupoza lita 1,000 za maziwa kutoka nyuzijoto 32 hadi 4 kunahitaji kuondoa joto linalotosha kuyeyusha takriban kilo 340 za barafu. Kituo kinachopokea lita 3,000 asubuhi moja kinahitaji zaidi ya tani moja. Ivaporeta ikitengeneza theluthi mbili tu ya kiasi hicho usiku, mitungi ya kwanza itapoa na ya mwisho haitapoa. Mkulima aliye mbali zaidi na kituo ndiye atakayeumia kwanza.

Ivaporeta hufanya nini

Mtambo wowote wa baridi una sehemu kuu nne. Kompresa husukuma gesi kwa nguvu. Kondensa, ile yenye feni nje ya jengo, hutoa joto hadi gesi igeuke kuwa majimaji. Vali ya kupanulia huyapitisha majimaji hayo kidogo kidogo kuingia sehemu yenye shinikizo dogo. Hapo ndipo ilipo ivaporeta: majimaji huchemka ndani ya paipu zake kwa baridi kali, na ili yachemke ni lazima yavute joto kutoka kwa maji yaliyozunguka paipu. Kisha mvuke hurudi kwenye kompresa.

Kwa hiyo ivaporeta inahitaji mambo mawili. Ndani ya paipu, gesi ya kutosha ifike kila sehemu. Nje ya paipu, maji yaguse chuma bila kizuizi na yawe yanatembea. Karibu kila tatizo la ivaporeta linaangukia upande mmoja kati ya hizo mbili: njaa ya ndani, au blanketi linalozuia joto kupita. Tiba ya upande mmoja haisaidii upande wa pili.

Swali la kwanza: je, maji yenyewe ni baridi?

Kabla ya kugusa chila, mhudumu atie kipimajoto kwenye maji yanayotoka kwenye tangi la barafu. Ikiwa maji yana nyuzijoto 1 au 2 na bado maziwa yanatoka na nyuzijoto 10, ivaporeta haina kosa. Tatizo liko mbele zaidi: sahani zimeshika utando wa maziwa kwa sababu hazikuoshwa vizuri, pampu ya maji imedhoofika, kichujio kimeziba, au maziwa yanasukumwa kwa kasi kupita uwezo wa sahani. Kuongeza gesi hapa ni kutupa pesa.

Ikiwa maji yenyewe yana joto, basi uchunguzi uendelee kwenye tangi.

Fungua kifuniko, soma barafu

Kipimo kinachofuata hakihitaji chombo chochote. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya maziwa kufika, mhudumu afungue kifuniko cha tangi la barafu na kutazama paipu kwa tochi. Barafu huonyesha mahali gesi ilipofika usiku kucha.

Barafu ikiwa imeshika sawasawa kwenye paipu zote, kwa unene unaotajwa na mtengenezaji, ambao katika matangi mengi ni sentimita kadhaa, ivaporeta iko sawa. Ikiwa barafu ni ya kutosha na bado maji yana joto, huenda maji hayatembei. Kikorogeo au pampu ya hewa inayotikisa maji imekufa, kwa hivyo maji moto yanarudi na kutoka tena bila kugusana vizuri na barafu.

Barafu ikiwa nene karibu na mahali gesi inapoingilia, kisha inapungua na mwishoni paipu ziko tupu, ivaporeta ina njaa. Majimaji yote yanachemka mwanzoni na hakuna kinachofika mwisho. Huenda gesi imevuja, lakini pia huenda gesi ipo na imezuiwa njiani.

Safu moja ya paipu ikiwa tupu huku nyingine zimejaa, gesi haigawanywi sawa. Mara nyingi njia ya safu hiyo imeziba au mafuta ya kompresa yamekwama humo.

Barafu ikiwa nene mno hadi paipu jirani zimeshikana, maji yamekosa njia ya kupita. Tangi limejaa barafu, lakini maji yanagusa sehemu ndogo tu ya barafu hiyo. Hapa kosa kwa kawaida ni la kifaa cha kupima unene wa barafu, ambacho kilipaswa kuzima kompresa. Gesi haihusiki.

Mwisho, kiwango cha maji kiangaliwe. Paipu zikiwa nje ya maji, haziwezi kupoza kitu. Na maji yenyewe yakiwa na tope, kutu au utando wa kijani, uchafu huo huganda juu ya chuma na kuwa blanketi. Vituo vinavyotumia maji ya mto au kisima bila kuyachuja hukumbwa na hali hii zaidi.

Vipimo ambavyo fundi hapaswi kuruka

Fundi anapofika, kamati ina haki ya kumwona akipima kabla ya kufungua mtungi wa gesi. Vipimo vikuu ni vitatu.

Kwanza, shinikizo la gesi inaporudi kwenye kompresa. Kila aina ya gesi ina jedwali linaloonyesha inachemka kwa joto gani kwenye shinikizo fulani, kwa hiyo geji humwambia fundi joto la gesi ndani ya ivaporeta.

Pili, joto la paipu yenyewe mahali inapotoka kwenye ivaporeta. Mvuke unapotoka unapaswa kuwa na joto kidogo kuliko ulipokuwa ukichemka. Tofauti hiyo huitwa joto la ziada, na katika mitambo mingi ya aina hii huwa takriban nyuzijoto 5 hadi 8. Mfano: geji ikionyesha gesi inachemka kwa nyuzijoto 10 chini ya sufuri, na paipu ikiwa nyuzijoto 4 chini ya sufuri, joto la ziada ni 6. Hapo gesi inatosha.

Tatu, joto la maji yakiingia na yakitoka, likilinganishwa na joto la gesi ndani ya ivaporeta. Pengo kati ya maji yanayotoka na gesi likizidi kukua mwezi hadi mwezi, ilhali mzigo ni ule ule, joto linapata shida kupita kwenye chuma.

Vipimo hivi vikiwekwa pamoja, hutenganisha magonjwa ambayo kwa macho yanafanana.

Shinikizo liko chini na joto la ziada liko juu, tuseme nyuzijoto 20: ivaporeta ina njaa. Fundi anapaswa kueleza kwa nini. Kioo kidogo cha kuchungulia gesi kikionyesha povu, gesi imepungua au kichujio cha gesi kimeziba. Kichujio kikiwa baridi upande mmoja kuliko mwingine, kimeziba. Kioo kikiwa safi bila povu, vali ya kupanulia ndiyo ya kushukiwa. Na mtambo ukipoza, ukakoma, kisha ukaanza tena vali inapopashwa joto, kuna unyevu ndani unaoganda kwenye tundu la vali.

Shinikizo liko chini na joto la ziada pia liko chini: gesi ipo, ila haipati joto la kuchemka. Ivaporeta imevaa blanketi. Liko nje, yaani barafu iliyozidi, tope au maji yasiyotembea. Au liko ndani, yaani mafuta ya kompresa yaliyotulia kwenye paipu za chini. Dalili ya mafuta ni kwamba kiwango chake kwenye kioo cha kompresa hushuka bila uvujaji kuonekana. Hali hii ndiyo hatari zaidi kuongezewa gesi. Majimaji yasiyochemka yanaweza kurudi hadi kwenye kompresa, na kompresa imeundwa kusukuma mvuke, si majimaji. Ikivunjika, gharama yake hailingani tena na ile ya kusafisha tangi.

Shinikizo liko juu na joto la ziada liko chini: vali inamwaga gesi kupita kiasi. Shinikizo likiwa juu bila dalili hiyo, na kompresa haina nguvu ya kulishusha, vali za ndani ya kompresa zikaguliwe.

Hatari kubwa: maji yakiingia kwenye gesi

Katika chila ambazo maji hupita ndani ya ganda au kati ya sahani nyembamba, kuna kifaa kiitwacho swichi ya mtiririko. Kazi yake ni kuzima kompresa maji yakikoma kutembea. Swichi hiyo ikisumbua, wapo wanaoiunganisha kwa waya ili mtambo uendelee kufanya kazi. Siku pampu itakapokufa, maji yaliyosimama yataganda ndani ya ivaporeta, yatapanuka na kupasua chuma. Maji yataingia kwenye gesi na kuzunguka hadi kwenye kompresa.

Dalili ni mapovu kwenye maji ya tangi mtambo unapokuwa umezimwa, gesi kupungua ghafla, na mafuta ya kompresa kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mhudumu akiona mafuta hayo, azime mtambo hapo hapo na asiwashe tena hadi fundi afike. Kila dakika ya kuendelea kuuendesha inaongeza uharibifu.

Kadhalika, barafu iliyozidi isivunjwe kwa shoka, nyundo au bisibisi. Mtambo uzimwe na maji yatembezwe hadi barafu iyeyuke yenyewe. Tundu dogo kama la sindano latosha kumwaga gesi yote.

Gesi yenyewe inazidi kuwa ghali

Mitambo mingi ya zamani hutumia gesi ya R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zilipangiwa kupunguza matumizi ya kundi hilo la gesi kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuachana nayo kufikia 2030 isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Chama kinachotegemea kujaza R22 kila mwezi kinategemea bidhaa inayoondoka sokoni.

Gesi ya R404A, iliyochukua nafasi yake katika mitambo mingi, haiharibu ozoni. Lakini kilo moja ikivuja huongeza joto duniani kwa kiasi sawa na takriban kilo 3,900 za kaboni dioksidi. Mabadiliko ya misimu ya mvua yanayomnyima mkulima nyasi yana uhusiano na gesi za aina hii.

Ndiyo maana kazi iliyo sahihi hufuata mpangilio. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo na kwa kujaza naitrojeni, kisha huzibwa. Kichujio cha gesi hubadilishwa. Hewa na unyevu hutolewa kwa pampu maalumu. Mwishowe gesi huingizwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na kilo zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo. Fundi anayejaza kwa kukisia, bila mizani, hawezi kujua kama gesi imetosha au imezidi.

Daftari la shilingi chache

Ulinzi bora wa ivaporeta ni daftari. Kila siku, kwa saa ile ile, mhudumu aandike joto la maji yanayotoka, joto la maziwa yanayotoka kwenye sahani, shinikizo kwenye geji, hali ya barafu, na saa ambazo kompresa imefanya kazi. Katika miezi miwili kituo kitajua hali yake ya kawaida. Kompresa iliyokuwa ikimaliza kazi kwa saa nane ikianza kuchukua saa kumi, tatizo limeonekana wiki kadhaa kabla ya lori kuondoka tupu. Bili ya stima nayo ni shahidi: kila nyuzijoto 1 ambayo gesi inalazimika kushuka zaidi huongeza matumizi ya umeme kwa takriban asilimia 2 hadi 4.

Wanachama nao wana nafasi yao. Katika mkutano mkuu, ripoti ya fedha ikitaja ununuzi wa gesi, maswali yafuatayo ni halali:

Gesi imeongezwa mara ngapi mwaka huu, na kilo ngapi kila mara?

Uvujaji ulipatikana wapi, na ulizibwa lini?

Vipimo vya fundi kabla na baada ya kazi viko wapi?

Tangi la barafu lilisafishwa lini mara ya mwisho, na maji yake yanatoka wapi?

Je, swichi ya mtiririko na kifaa cha unene wa barafu vinafanya kazi?

Kamati iliyo na daftari itajibu kwa dakika tano.

Kwa mkulima aliye nyumbani, ushauri haujabadilika. Maziwa yakamuliwe kwa usafi, yatiwe kwenye mtungi wa alumini uliooshwa vizuri, na yafikishwe kituoni mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa mbili. Yanaposubiri, mtungi uwekwe kivulini ndani ya maji baridi. Kila nyuzijoto inayopungua kabla ya kufika kituoni ni barafu ambayo ivaporeta haitalazimika kutengeneza usiku.

Vyama vinavyohitaji ushauri kuhusu mitambo ya kupoza maziwa, au vinavyotaka kujua namna ya kuandaa daftari la mtambo, vinaombwa kufika katika ofisi ya afisa wa mifugo wa wadi au ofisi ya ushirika ya kaunti ndogo. Wafike na nambari ya mtambo, aina ya gesi iliyoandikwa kwenye kibao, na risiti za matengenezo ya mwaka uliopita.